Sura ya Tano: Mweka Hazina wa Matanga

Katika miaka ya 1940 palikuwa na mwalimu Maseno aliyejitwisha kazi ya pili isiyokuwa na mshahara. Riziki yake ilitoka darasani, lakini muda uliobaki aliumalizia kuwashawishi watu waweke senti zao pamoja. Alianza na kikundi cha akiba kilichoitwa Bondo Thrift Association, kwa jina la kwao. Kufikia mwaka 1947 kikundi kilikuwa kimezaa kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation, iliyokuja kujenga Ramogi House mjini Kisumu na kuendesha kiwanda cha uchapaji. Kuuza hisa kulimzungusha mwalimu huyo katika miji ya Afrika Mashariki, kokote Wajaluo walikokwenda kutafuta kazi. Wakenya wanamkumbuka Jaramogi Oginga Odinga kama Makamu wa kwanza wa Rais na mtu wa upinzani. Wachache humkumbuka kama mwalimu aliyekusanya mtaji mlango kwa mlango.

Namtanguliza kwa sababu chuo kikuu kilichoko Bondo leo, kilichopata hati yake mwaka 2013, kina jina lake, na vijana waliotoka vyuo kama hicho ndio wanaokwamishwa na jambo la sura hii. Shahada wanayo. Wana miaka minne au mitano ya kazi benki, kwenye sacco, ofisi ya kaunti au shirika la misaada. Mtihani wa GMAT wameukabili na alama zinatosha. Kisha fomu ya shule ya biashara ya ng'ambo inawauliza walifanya nini nje ya masomo na nje ya ajira, na mkono unasita. Wengine huacha nafasi wazi. Wengine huandika kitu kibaya kuliko wazi: "kusoma, kusafiri, kutazama kandanda."

Kwanza tuupime uzito wa swali lenyewe, maana wengi hulipa hofu lisiyoistahili. Ukiomba MBA katika chuo kikuu cha umma cha Kenya, kinachotazamwa ni daraja la shahada yako na, likiwa la chini kidogo, miaka ya kazi. Hakuna atakayetaka kujua uliimba kwaya gani. Swali lina meno Marekani na katika baadhi ya shule za Ulaya, na hata huko kazi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Wanafunzi wa Harvard Business School huingia wakiwa na takriban miaka mitano ya ajira. Mwaka 2024 shule hiyo ilipobadilisha insha zake, ilitaka kujua mambo matatu: mwombaji anafikirije kuhusu biashara, amewaongoza na kuwainua watu gani, na udadisi wake umemkuza vipi. Stanford kwa miaka mingi imewauliza waombaji ni jambo gani lililo na uzito kuliko yote maishani mwao, na kwa nini. Orodha ya shughuli ni ushahidi wa majibu hayo. Haina thamani ya peke yake. Mtu aliyejaza vilabu kumi na hana la kusema kuhusu hata kimoja amejipunguzia nafasi.

Tena, swali hili lina asili isiyopendeza, na ni vyema uijue ili usilipigie magoti. Mapema karne ya 20, vyuo vikubwa vya mashariki mwa Marekani vilipokea wanafunzi zaidi kwa mtihani. Wayahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji maskini, wakafaulu mtihani. Kufikia mwaka 1922 walikuwa zaidi ya mmoja kati ya kila watano katika mwaka wa kwanza wa Harvard, na rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, akapendekeza wawekewe kiwango cha mwisho. Kiwango cha wazi kilikataliwa kwa kelele nyingi. Kilichopita miaka michache baadaye kilikuwa kigezo cha tabia, uongozi na shughuli za nje ya darasa, ambacho ofisi ya udahili ingeweza kukipima inavyotaka, bila kumwambia mtu. Mwanasosholojia Jerome Karabel aliieleza habari hiyo kwa urefu katika kitabu chake The Chosen cha mwaka 2005. Waliotunga kigezo hicho walikuwa wakimfikiria kijana wa shule ya bweni ya kifahari, mpiga makasia, ambaye mamake hakuhitaji mikono yake jioni.

Kijana wa Bondo mikono yake ilihitajika. Kenya haikosi shughuli za wanafunzi: kuna tamasha za muziki na drama, kongamano la sayansi, na Tuzo ya Rais iliyoanza mwaka 1966. Lakini hayo yote yanadai nauli, sare, mwalimu wa kujitolea na, juu ya yote, saa za jioni. Aliyesoma shule ya kutwa huko Usenge au Nyang'oma alirudi nyumbani kuteka maji na kuwaangalia wadogo zake. Kama mama aliuza omena, kuna jambo jingine. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane, na muhula wa pili wa shule, pamoja na karo yake, huangukia humo humo. Miezi hiyo mtoto wa mchuuzi wa omena hufanya lolote linaloleta shilingi. Mwambie basi aeleze kwa nini hakuwa katika klabu ya mdahalo.

Mtaala mpya wa Kenya umeanza kuliona hilo. Huduma kwa jamii imewekwa kuwa somo la lazima katika sekondari ya juu, ambayo darasa lake la kwanza la gredi ya 10 ni la mwaka 2026. Hao watakuwa na cheti cha kuonyesha. Wewe uliyemaliza 8-4-4 utaonyesha nini?

Anza na matanga.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Mtu wa Bondo akifia Nairobi, jioni hiyo hiyo kundi la WhatsApp limefunguliwa, na kabla ya siku mbili kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Uenyekiti huenda kwa mzee mwenye heshima. Ukatibu huenda kwa mtu mwenye maneno. Uweka hazina, kazi inayovunja undugu, hupewa yule ambaye pande zote mbili za familia zinamwamini na fedha, na mara nyingi ni kijana mwenye kazi ya ofisini na namba ya simu isiyozimwa. Bili ya mochari huongezeka kila siku. Jeneza, gari la kubeba maiti kwa safari ya kilomita zipatazo 400, basi la waombolezaji, hema, viti, ng'ombe, mchele, mafuta ya jenereta: kila kimoja kina mtu anayedai alipwe kwanza. Bajeti inaandikwa kabla ya kujulikana ni kiasi gani kitapatikana. Tarehe haisogei, kwa sababu kanisa limeshaambiwa Jumamosi. Wafanyakazi wote ni wa kujitolea na huwezi kumfukuza hata mmoja, hasa shangazi. Katikati ya hayo yote, upande mmoja unataka maiti ilale nyumbani usiku mzima na mwingine unahesabu gharama ya usiku huo. Mambo yakiisha, mweka hazina husimama mbele ya watu na kusoma hesabu, shilingi kwa shilingi, huku kila aliyechanga akisikiliza jina lake.

Shule za biashara hutoza maelfu ya dola kufundisha nusu ya mambo hayo. Ukiwa umeifanya kazi hiyo mara kadhaa na bado unaalikwa kuifanya tena, una ushahidi wa uongozi ambao nahodha wa timu ya makasia anaweza kukuonea wivu. Usiandike kwamba ulisaidia katika mazishi. Andika, kwa mfano: mweka hazina wa kamati za mazishi za ukoo tangu 2021, nakusanya michango kutoka Nairobi, Kisumu na ng'ambo, nilianzisha taarifa ya kila jioni inayoonyesha kila mchango na kila tumizi, kamati mbili zilizotangulia ziliacha familia na deni, tatu za mwisho zilifunga bila deni. Hapo msomaji wa Boston, ambaye hajawahi kusikia neno matanga, ameelewa kila kitu. Ametambua kuna watu waliokuamini, kuna tatizo uliloliona, kuna hatua uliyoichukua, na kuna tofauti iliyoonekana. Atakachohitaji zaidi ni sentensi moja ya kumweleza kwamba kwenu mazishi hugharimiwa na watu wengi wanaochanga. Moja tu. Ukizidisha utaonekana unauza mila.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: usijiulize ulijiunga na nini, jiulize watu walikukabidhi nini. Swali la kwanza lilitungwa kwa ajili ya mwenye muda wa ziada. La pili linamfaa yeyote aliyekulia mahali ambapo serikali iko mbali na ndugu wako karibu.

Likigeuzwa hivyo, ufuo mzima wa ziwa hujaa mambo. Chukua kamati ya usimamizi wa ufuo, ile ambayo kila mvuvi huiita BMU. Kanuni za mwaka 2007 ziliipa sura ya kisheria: uanachama wa wenye mashua, vibarua wa mashua na wachuuzi, uchaguzi, kumbukumbu za samaki wanaotua, sheria ndogo za kulinda maeneo ya mazalio. Pale Uhanya au Wichlum, kijana anayejua kuandika vizuri hujikuta akishika daftari la kamati kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Daftari hilo ndilo linaloamua ugomvi wa nani anadaiwa na nani. Au chukua chama cha akina mama wa sokoni, ambacho tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 kimehama polepole kutoka kwenye sanduku la kufuli tatu hadi kwenye simu. Nani aliyewafundisha akina mama hao kusoma taarifa ya miamala? Nani aliyegundua kwamba mkopo wa Machi hauwezi kulipwa Mei kwa sababu omena imefungwa, akapendekeza tarehe isogezwe hadi Septemba? Mara nyingi ni binti wa mmoja wao, aliyekuwa nyumbani likizo, na ambaye miaka saba baadaye anaandika katika fomu kwamba hana shughuli zozote.

Kinaya chake ni kikubwa. Wachumi wa vyuo vikuu vya Marekani wamefanya kaunti ya Siaya kuwa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa sana duniani. GiveDirectly, shirika lililoanzishwa na wanafunzi wa uzamili wa Harvard na MIT, lilianza kugawa fedha taslimu huko, na utafiti wake wa awali ulifanyika Rarieda, jirani wa Bondo. Baadaye watafiti waligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya, kwa zaidi ya kaya 10,500 katika eneo la vijiji 653, kisha wakapima jinsi fedha hizo zilivyozunguka madukani na mashambani. Matokeo yalichapishwa katika majarida makubwa ya uchumi. Maana yake ni kwamba namna mama yako anavyokopa, anavyoweka akiba na anavyogawa ni elimu ambayo maprofesa hupanda ndege kuifuata. Wewe umeishi ndani yake na unaona haya kuitaja.

Kuna jambo jingine ambalo waombaji wetu hulificha, nalo ni familia. Mzaliwa wa kwanza aliyelipa karo ya wadogo wanne kwa mshahara wake wa kwanza hana jioni za kufundisha watoto yatima mpira. Waamerika wenyewe wamekwisha kulikubali hilo: fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vya shahada ya kwanza, Common App, inaorodhesha majukumu ya kifamilia kama aina mojawapo ya shughuli, sawa na muziki au riadha. Fomu za MBA nyingi hazina kipengele hicho, lakini nyingi zina nafasi ya maelezo ya ziada. Itumie kwa ufupi na kwa macho makavu. "Kuanzia 2018 hadi 2023 nililipia karo na kodi ya nyumba ya wadogo zangu watatu, wikendi nilifanya kazi ya pili ya uhasibu." Basi. Usimlilie msomaji. Kamati ya udahili husoma huzuni kutoka kila bara, na haina mizani ya kuzipima. Inachoweza kupima ni wajibu uliotimizwa na muda uliotumia kuutimiza.

Ukitaka kuona jinsi kazi ya pembeni inavyoweza kumfungulia mtu mlango ambao vyeti havikuufungua, tazama ng'ambo ya maji. Kivuko cha Luanda K'Otieno hukufikisha Mbita, na kutoka Mbita ni hatua chache hadi Rusinga, kisiwa cha wazazi wa Tom Mboya. Mboya hakuwa na shahada. Baada ya shule ya Mang'u alisomea ukaguzi wa afya, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwenye karatasi. Nje ya kazi aliongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, wakati wa Hali ya Hatari ambapo mikutano mingi ya Waafrika ilipigwa marufuku. Mwaka 1955 alikwenda Oxford kusoma katika Ruskin College kwa ufadhili. Mkaguzi wa usafi wa masoko hakuitwa Oxford kwa ukaguzi wake. Miaka minne baadaye, mwaka 1959, ndiye aliyesimamia ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 wa Afrika Mashariki katika vyuo vya Amerika Kaskazini.

Sasa tufike kwa wale ambao kweli hawana kitu. Wapo, na sitawadanganya kwamba kila mtu ana hazina iliyofichika. Umefanya kazi siku sita kwa wiki katika tawi la benki Kisumu, Jumapili umelala, ndugu wamekuita matangani ukatuma mia tano kwa simu na kuendelea na mambo yako. Hakuna aliyekukabidhi chochote kwa sababu hukujitokeza. Fanya mambo mawili. La kwanza, chunguza ndani ya ajira yenyewe. Kumfundisha kazi mwanafunzi wa mafunzo ambaye hukupangiwa, kukaa katika kamati ya sacco ya wafanyakazi, kuandika upya utaratibu wa foleni ambao meneja alishauchoka: hayo ni uongozi nje ya maelezo ya kazi yako, na shule za biashara huyathamini pengine kuliko klabu yoyote. La pili, kama tarehe za mwisho bado ziko mwaka mmoja mbele, chukua jukumu moja. Moja, si matano. Lichague kwa kutumia ujuzi unaolipwa kwa ajili yake kazini. Mhasibu asiende kupanda miti. Miti ina wapandaji wengi. Aende kwenye BMU, kwenye bodi ya shule ya msingi aliyosoma, au kwenye kikundi cha bodaboda chenye akiba isiyojulikana iko wapi, akawatengenezee vitabu vya hesabu na kuvisimamia hadi ukaguzi wa mwaka. Miezi 12 ya kazi moja inayochosha ina hadithi ndani yake.

Usianzishe shirika. Nalisema kwa ukali kwa sababu kila msimu wa maombi huzaliwa mashirika yenye nembo, fulana na ukurasa wa Instagram, yenye mwanzilishi mmoja na mwanachama huyo huyo. Picha ni zile zile: kituo cha watoto, paketi za unga, tabasamu. Wasomaji wa fomu wameziona hadi wamezichoka, na tarehe ya usajili, miezi miwili kabla ya maombi, husema yote. Uongo wa moja kwa moja una adhabu kubwa zaidi. Shule nyingi huajiri wakaguzi wa kuthibitisha habari za waliokubaliwa kabla ya masomo kuanza, na nafasi iliyopatikana kwa uongo hunyang'anywa hata kama viza imeshagongwa.

Kuhusu mashahidi, kuwa mwangalifu. Shule huomba barua mbili hivi za mapendekezo, na moja zinaitaka itoke kwa mkubwa wako wa kazi. Usiipe nafasi hiyo kwa chifu au mbunge ambaye hakufahamu vizuri. Barua yenye muhuri mkubwa na maneno matupu haina faida. Ukiruhusiwa barua ya pili kutoka nje ya kazi, mwenyekiti wa kikundi aliyekuona ukigombana na wadeni atakufaa kuliko mheshimiwa. Kaa naye kwanza, mkumbushe matukio. Kama anasema vizuri kwa Dholuo au Kiswahili kuliko Kiingereza, uliza shule mapema kama inapokea tafsiri na nani anapaswa kuifanya. Isiwe wewe.

Katika mahojiano ndipo orodha hupimwa kwa kweli. Utaulizwa swali dogo: ilikuwaje siku ambayo mambo yaliharibika? Aliyeshika fedha za watu kwa dhati ana jibu kabla swali halijaisha. Anakumbuka nani alikataa kurudisha hela, alimwambia nini, na kikao kiliamua nini. Aliyenunua fulana hujibu kwa maneno ya jumla kuhusu kurudisha kwa jamii. Mhojaji hahitaji kuijua Bondo ili aone tofauti.

Duru ya kwanza ya maombi katika shule kubwa za Marekani hufungwa mwanzoni mwa Septemba, na ya pili mwanzoni mwa Januari. Kabla hujaandika mstari wowote, mpigie katibu wa kikundi chako umwombe akupigie picha kurasa za daftari zenye jina lako, kuanzia mwaka ulioanza kushika hesabu. Tarehe na kiasi vitoke huko, visitoke kichwani mwako.